Tarumbeta Mbili: Bendi za Vijana na Dawa za Wazee katika Historia ya Kanisa

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, wachungaji waliohudumu na watoto waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema na inapatikana katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inatazama mambo mawili ambayo kwa kawaida hayawekwi pamoja: tarumbeta zinazopulizwa na vijana, na dawa zinazohitajiwa na wazee. Jambo la kwanza husikika hata ng'ambo ya bonde, lakini la pili hutokea ndani ya nyumba na mara nyingi halina mtu wa kulisimulia. Hata hivyo historia inaonyesha kwamba mambo haya yalilelewa katika nyumba moja, na kwamba kila yalipotenganishwa, Kanisa lilipata hasara.

Maandiko Matakatifu nayo yanayaweka mambo haya karibu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, Musa aliagizwa kutengeneza tarumbeta mbili za fedha, za kuwaita watu wakusanyike na kuyaongoza makambi yanapoanza safari. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, Kanisa changa lilipata malalamiko yake makubwa ya kwanza kutoka ndani, nayo hayakuhusu mafundisho. Yalihusu wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakulipuuza neno hilo. Waliita mkutano, wakachagua watu saba, wakawawekea mikono. Huo ndio mwanzo wa kazi tunayoiita udiakonia.

Chimbuko katika Ujerumani

Vikundi vya tarumbeta vya Kilutheri vilianza kuwa na nguvu katika karne ya 19, wakati wa uamsho wa kiroho katika Westfalia ya mashariki. Katika usharika wa Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, kikundi cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1843, wakati wa uamsho uliohusishwa na Mchungaji Johann Heinrich Volkening. Waliopuliza hawakuwa wanamuziki wa ikulu. Walikuwa wakulima, wafumaji na vijana wa vijijini. Walihitaji sauti iwezayo kuongoza uimbaji wa watu wengi mahali pa wazi, pasipo kinanda, katika sikukuu za misioni na mazishi, na vyombo vya shaba viliweza kazi hiyo.

Katika eneo hilohilo, mwaka 1867, ilifunguliwa nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa, ambayo baadaye iliitwa Bethel. Mwaka 1869 ikaanzishwa nyumba ya mashemasi wa kike, Sarepta, na mwaka 1877 ile ya mashemasi wa kiume, Nazareth. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeshika uongozi mwaka 1872 na kufariki mwaka 1910, aliifanya Bethel kuwa mji mzima wa wagonjwa, maskini na wahudumu wao.

Mwaka 1893 alifika Nazareth Mchungaji Johannes Kuhlo. Baba yake, Eduard Kuhlo, alikuwa amekwisha kueneza vikundi vya tarumbeta na kuvitungia kitabu cha nota. Mwana aliifanya kazi hiyo kwa bidii hata watu wakampa jina la utani, Jenerali wa Tarumbeta. Mashemasi waliokuwa wakijifunza kumwosha mgonjwa na kumlisha aliyeanguka kifafa, haohao walijifunza kupuliza. Kuhlo alishikilia kanuni moja ambayo wapulizaji wa Kilutheri wa Ujerumani wameitunza hadi leo: vyombo vyote visome nota zilezile zinazosomwa na waimbaji na mpiga kinanda. Kwa hiyo aliyejua kuimba sauti yake kitabuni aliweza kuipuliza, na tarumbeta ikawa mtumishi wa wimbo wa usharika badala ya kuwa tamasha la peke yake.

Hapo, basi, tarumbeta na kitanda cha mgonjwa vilikuwa chini ya paa moja. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa sababu misioni iliyotoka katika nyumba hiyo ilifika Afrika Mashariki.

Bendi ya shule katika pwani

Kabla ya kufuata njia ya misioni, yafaa kutazama bendi nyingine iliyojulikana sana katika nchi hii nyakati za Wajerumani. Shule ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya 1890 na kuwa mfano wa shule za serikali, ilikuwa na bendi ya wanafunzi ya vyombo vya shaba. Vijana wa Kiswahili walivaa sare, wakajifunza kupuliza na kwenda kwa hatua moja, na wakapiga katika sherehe za serikali. Kwa mtazamo wa elimu yalikuwa mafanikio makubwa. Katika muda mfupi wanafunzi ambao muziki wao wa nyumbani ulikuwa wa namna nyingine kabisa waliweza kupiga kwa ustadi vyombo ambavyo wazazi wao hawakupata kuvigusa.

Lakini bendi hiyo ilipigia utawala. Ilisindikiza mamlaka ileile iliyokusanya kodi na kuzima Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Vijana hawana lawama kwa hilo, ila msomaji anapata fundisho la kwanza: chombo cha shaba hakina upande wake. Upande ni wa yule anayekiita kazini.

Watu wa pwani hawakukubali muziki huo ubaki mikononi mwa serikali. Tangu miaka ya 1890 ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, na baadaye Tanga, Dar es Salaam na bara, ngoma iliyoitwa beni. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji walikwenda kwa gwaride, wakajipa vyeo vya kijeshi hata vya ufalme, wakagawanyika katika pande za kushindana. Zilizovuma zaidi kwetu zilikuwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii, alionyesha kwamba beni haikuwa mchezo wa kuiga tu. Vyama hivyo vilimpokea mgeni aliyefika mjini pasipo ndugu, vilimsaidia mwanachama aliyeugua, na vilimzika aliyekufa kwa heshima.

Wamisionari wengi waliichukia beni, wakiiona kuwa ni majivuno na upotevu wa mali. Katika majivuno hawakukosea sana, kwa maana pande hizo zilishindana kwa karamu hadi kuingia madeni. Hata hivyo hawakuona kwamba watu hao, wasiokuwa na shemasi wala mfuko wa sadaka, walikuwa wameunganisha gwaride na kitanda cha mgonjwa. Msharika wa leo anaweza kuikataa karamu ya beni, na bado akajifunza kutoka katika daftari lake la msaada.

Tarumbeta na tiba katika misioni

Wamisionari Ernst Johanssen na Johannes Wohlrab walifika Mlalo, katika milima ya Usambara, mwaka 1891. Chama kilichowatuma kilikuwa kimeanzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1906 makao yake yakahamia Bethel. Kutoka Usambara kazi ilienea hadi Rwanda mwaka 1907 na Bukoba mwaka 1910. Upande wa Kilimanjaro, Misioni ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893. Wote hao walitoka katika makanisa ambamo sauti ya shaba ilikuwa ya kawaida siku ya Pasaka, siku ya mavuno na penye kaburi. Ndugu zetu Wamoravian, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891, walikuwa na mapokeo ya zamani zaidi ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka kwa nyimbo na tarumbeta.

Mfano mmoja wa umoja wa mambo haya ni Lutindi, katika Usambara. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hivyo pakawa miongoni mwa hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika Mashariki. Mashemasi wa Nazareth walihudumu huko. Watu ambao jamii iliwafunga kamba au kuwaacha porini walipewa kitanda, kazi ya mikono na ibada.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na wamisionari Wajerumani kuondolewa, walimu na wazee wenyeji ndio waliozishika sharika. Hapo ndipo ilipoonekana ni kipi kilikuwa kimeota mizizi. Uimbaji ulibaki, na ziara za wagonjwa zilibaki pia, kwa kuwa vyote viwili havikungoja ruhusa wala mshahara kutoka ng'ambo.

Jaribu la Bethel

Historia ya kweli haifichi kivuli. Katika miaka ya 1930 Johannes Kuhlo, mzee tayari, alimshangilia Hitler waziwazi, na tarumbeta nyingi za makanisa zilipulizwa penye bendera za chama chake. Sheria ya Julai 1933 ililazimisha watu wenye magonjwa kadhaa kufungwa uzazi, na wagonjwa wa Bethel hawakuepushwa nayo. Kisha, mwaka 1940 na 1941, serikali hiyo iliua wagonjwa na walemavu wapatao 70,000 katika vituo vya siri, kwa hoja kwamba maisha yao yalikuwa mzigo kwa taifa na gharama kwa hazina.

Mchungaji Fritz von Bodelschwingh, mwana wa yule wa kwanza, pamoja na mwenzake Paul Gerhard Braune, walipinga mauaji hayo kwa maneno na kwa maandishi. Braune alifungwa kwa muda. Upinzani wao ulikuwa na mipaka yake, na wanahistoria wa Ujerumani wameujadili kwa uwazi. Lakini swali la wakati ule halijapita. Mara mtu mgonjwa au mzee anapoanza kuhesabiwa kwa gharama yake peke yake, hatari imekwisha kuingia mlangoni, hata kama bendi inapiga vizuri uani.

Dawa: kutoka bure hadi kuchangia

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa kwa makanisa saba. Lilirithi zahanati na hospitali nyingi, zikiwamo Machame, Bumbuli na Ndolage. Mwaka 1971 ikafunguliwa hospitali ya KCMC mjini Moshi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilifanya huduma za afya katika vituo vyake kuwa bila malipo, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za biashara. Hospitali za makanisa ziliendelea kwa kuwa hazikutafuta faida.

Katika miaka hiyo Kanisa la ulimwengu lilichangia wazo kubwa. Tume ya Kikristo ya Tiba ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, iliyoanza kazi mwaka 1968, ilisisitiza kwamba afya ianzie kijijini wala si katika jengo kubwa la mjini. Wazo hilo lilisikika katika mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 1977 orodha ya kwanza ya dawa muhimu. Watumishi wa zahanati wa miaka ya 1980 wanayakumbuka makasha ya dawa yaliyofika kila mwezi vijijini kwa msaada wa Denmark na UNICEF.

Uchumi ulipoyumba, hali ilibadilika. Mwaka 1993 serikali ilianza kwa awamu mpango wa kuchangia gharama za matibabu. Misamaha iliwekwa kwa watoto wadogo, wajawazito na magonjwa kadhaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, ikatamka haja ya kuwatibu bila malipo wazee wasio na uwezo. Kwa maandishi, neno hilo ni jema.

Penye dirisha la dawa, mambo yalikuwa magumu. Mzee alionwa na daktari bila kulipa, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa kwamba dawa hiyo imekwisha na akanunue katika duka la nje. Msamaha ulikoma hapo. Mwenye malaria hununua mara moja akapona. Lakini shinikizo la damu na kisukari, magonjwa yanayowaandama wengi uzeeni, hudai dawa kila siku hadi mwisho wa maisha. Mzee asiye na pensheni, aliyelima kahawa au migomba ujana wake wote, huanza kupunguza: kidonge kimoja leo, kesho hapana. Yeye huita jambo hilo kubana matumizi, na matokeo yake huonekana siku anapopooza.

Hospitali za makanisa nazo zilibanwa. Mzee mwenye msamaha alipofika kwao bila mkataba wa serikali wa kufidia gharama, hospitali ilibidi ichague kati ya kumtoza na kuingia deni. Huu si ukosefu wa huruma. Dawa hununuliwa kwa fedha, na fedha lazima itoke mahali fulani.

Njia kadhaa zimejaribiwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Nshamba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa pensheni ndogo wazee, wengi wao bibi waliolea wajukuu yatima wa UKIMWI. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua ni ya kushukuriwa, na kila hatua inahitaji mtu wa karibu wa kumfikisha mzee mahali msaada ulipo, kwa maana haki iliyoandikwa katika karatasi haitembei yenyewe hadi mgombani.

Usharika kati ya sauti na ukimya

Hapo ndipo tarumbeta na dawa zinapokutana tena. Katika dayosisi kadhaa vikundi vya tarumbeta vya vijana vimekuwa fahari ya sharika. Kijana anayejifunza hujifunza mengi kuliko nota: kufika mazoezini kwa saa, kumsikiliza jirani, kuitunza mali isiyo yake, kukubali kupiga besi wakati mwenzake anapiga sauti ya kwanza. Mafanikio hayo yanastahili sifa, nayo washarika huyatolea kwa moyo. Tangazo la kununua vyombo vipya hupata watu, kwa sababu matokeo yake yanaonekana na kusikika.

Tangazo la mfuko wa dawa hupata wachache. Kidonge hakina sare wala hakipigi gwaride. Mzee aliyepona hapigiwi makofi, na mara nyingi mwenyewe huona haya kusema kwamba alisaidiwa. Kwa sababu hiyo usharika ukiachia huruma iongozwe na kinachoonekana tu, wazee watasahauliwa bila mtu yeyote kukusudia ubaya, kama wajane wa Yerusalemu walivyosahauliwa.

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 6, aliwakataza wanafunzi wake kupiga tarumbeta mbele yao watoapo sadaka. Katazo hilo haliondoi tarumbeta kanisani. Linaipangia mahali pake. Tarumbeta iwaite watu kwa Mungu, iwakumbushe wajibu, iwaongoze wanaozika na wanaoshangilia. Msaada wenyewe upelekwe kimya, mzee asiaibishwe.

Kwa vitendo, kazi hii haihitaji makuu. Wazee wa kanisa katika kila mtaa waweza kutunza orodha ya wenye miaka 60 na zaidi wanaotumia dawa za kudumu. Mshiriki mmoja mwenye kujua kusoma maandishi ya daktari aweza kuhakikisha mzee ana kitambulisho chake cha matibabu na kadi ya bima, na kuuliza hospitalini kama ipo dawa ya jina la kawaida yenye bei nafuu inayofanya kazi ileile. Sehemu ya fedha ambayo kikundi cha tarumbeta hupata kwa kualikwa harusini yaweza kutengwa, kwa makubaliano ya vijana wenyewe, kununua dawa pale dirisha linaposema zimekwisha. Na kijana aliyepuliza Jumapili asubuhi aweza jioni kumpelekea mzee dawa zake, akamsomea namna ya kuzimeza, kisha akampigia wimbo mmoja anaoupenda.

Hitimisho

Wengi wa wazee wanaohesabu vidonge leo ndio waliobeba mawe ya kanisa vichwani, na baadhi yao walipuliza tarumbeta kabla meno hayajatoka. Wanaopuliza leo watakuwa wazee katika miaka mia ya pili. Namna wanavyowatunza waliowatangulia ndiyo sheria wanayojitungia wenyewe.

Musa hakuagizwa kutengeneza tarumbeta moja. Zilikuwa mbili, na zilipopulizwa pamoja kusanyiko lote lilikuja mlangoni pa hema, wenye nguvu na wenye kujikongoja. Usharika uingiapo katika karne yake ya pili, na usikose hata moja ya hizo mbili: inayosikika kilimani, na ile isiyosikika na mtu ila na mzee aliyefunguliwa mlango na Mungu aonaye sirini. Kwake yeye uwe utukufu, sasa na milele. Amina.